Naomba ushauri: bendi ya HIF-1α inatokea hata kwenye seli zenye oksijeni tele

Mpasua_Seli
Wakuu, salaam. Nimekwama kwenye westani bloti (protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, kisha kingamwili huonyesha ile unayoitafuta kama bendi), naomba mawazo yenu.

Natafuta HIF-1α, ile fakta ya unukuzi inayowasha jeni za kukabiliana na upungufu wa oksijeni. Natumia seli za HeLa (za saratani ya binadamu). Kundi moja linakaa kwenye inkubeta ya kawaida, jingine kwenye oksijeni asilimia 1 usiku kucha. Napata bendi safi kabisa kwenye kilodaltoni 93 hivi, uzito uleule unaotajwa kwenye hifadhidata za protini. Kinachonitatiza ni kwamba bendi ipo kwenye makundi yote mawili, na unene hautofautiani. Beta-aktini, protini ya kulinganishia kiasi kilichopakiwa, iko sawa. Kingamwili ni ya sungura, poliklono (mchanganyiko wa kingamwili nyingi).

Msimamizi wangu anahisi seli hazikukosa oksijeni vya kutosha. Mimi naanza kuitilia shaka kingamwili yenyewe. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Bafa_Baridi
Mkuu, kingamwili umeizimua kiasi gani? Kama ni 1:1000, jaribu 1:200 na uiache na utando usiku kucha kwenye nyuzi 4. Fakta za unukuzi huwa chache mno ndani ya seli, mara nyingi shida ni hiyo tu.

Mama_Jeli
Bafa_Baridi, hapo sikuungi mkono. Hiyo ni kuongeza sauti ya redio iliyoshika stesheni isiyo yako. Bendi itanenepa pande zote mbili na swali litabaki palepale.

Mpasua_Seli mdogo wangu, kinachokupoteza ni hiyo 93. HIF-1α ina asidi amino 826, na kwa hesabu inafika 93 kweli, ila kwenye jeli ya SDS (sabuni inayokunjua protini) inatembea polepole kuliko hesabu. Itafute kati ya 110 na 120. Wala si kioja: p53 ilipewa jina kwa kilodaltoni 53 ilizoonyesha kwenye jeli, wakati uzito wake halisi unakaribia 44. Tazama tena picha yako, sehemu ya juu. Kama ulikata utando kabla ya kuweka kingamwili, huenda ulikitupa ulichokuwa unakitafuta.

Halafu tuambie ulivunaje seli. Naomba hili ulijibu kwa kirefu.

Mpasua_Seli
Asante dada. Utando sikukata. Juu kuna ukungu hafifu ambao sikuutilia maanani. Kuvuna: nilitoa sahani, nikaosha kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli), nikabandua kwa tripsini, nikazungusha kwenye sentrifuji, ndipo nikaweka bafa ya kupasulia.

Mama_Jeli
Basi protini yako iliishia kwenye hatua ya tripsini.

Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya hubandika kikundi cha haidroksili kwenye prolini ya 402 na ya 564. Alama hiyo huvuta protini ya VHL, VHL huleta yubikwitini (lebo ya kuharibiwa), na proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini, humalizia. Nusu ya HIF-1α hupotea kwa takriban dakika 5 tu seli zikirudi kwenye hewa ya kawaida. Wewe umezikalisha hewani muda wote wa kuosha, kubandua na kuzungusha! Toa sahani, iweke juu ya barafu papo hapo, mwaga midia, osha haraka kwa PBS baridi, kisha mimina bafa ya SDS humohumo kwenye sahani na ukwangue. Tripsini achana nayo.

Kiini_Kikavu
Naongezea la vidhibiti (sampuli za kulinganishia), maana bila hivyo mtabishana kuhusu ukungu hadi kesho.

Unahitaji sampuli ambayo una hakika protini imo. HeLa zilizowekewa kobalti kloridi mikromola 100 hadi 150 kwa saa kama 4 zinatosha, kwa sababu kobalti huzuia vile vimeng'enya hata oksijeni ikiwepo. Ukipata seli za RCC4 (za saratani ya figo) ni bora zaidi: hazina VHL inayofanya kazi, hivyo HIF-1α imejaa muda wote. Usichanganye na 786-O, seli nyingine za saratani ya figo. Nazo hazina VHL, lakini zina HIF-2α tu, ndugu yake HIF-1α.

Upande wa pili, sampuli ambayo una hakika haimo: nyamazisha jeni kwa siRNA (vipande vifupi vya RNA), au tumia seli zilizofutwa jeni kwa CRISPR. Bendi isiyopungua jeni inaponyamazishwa si protini yako, hata ikae kwenye uzito mzuri namna gani. Karatasi ya muuzaji isikutishe.

Bafa_Baridi
Nimeelewa, nafuta ushauri wangu. Ila akitenganisha viini vya seli si atapata ishara nzuri zaidi?

Kiini_Kikavu
Atapata, lakini kutenganisha kunachukua muda, na muda ndio adui hapa. Akifanya, kila kitu kiwe kwenye barafu, na apime lamini B1 kwa viini na tubulini kwa saitoplazimu. Tubulini ikionekana kwenye viini, hajatenganisha.

Mpasua_Seli
Mrejesho wakuu. Nimevuna moja kwa moja kwenye sahani na kuongeza kobalti na siRNA. Kwenye kobalti na oksijeni asilimia 1 kuna bendi nzito karibu na 115, kwenye seli za kawaida haipo, na kwa siRNA imefifia sana. Ile ya 93 haijatikisika popote. Msimamizi amekubali tuendelee.

Sasa anataka ChIP (kuvuta protini kwa kingamwili pamoja na DNA inayoishikilia) kwa kingamwili hiihii. Inafaa?

Mama_Jeli
Hongera! Kwa ChIP usiichukulie hivyohivyo. Kwenye westani protini imekunjuliwa na SDS. Kwenye ChIP bado imekunjika, imefungwa na fomaldihaidi, na sehemu inayoshikwa inaweza kuwa imefichwa. Hiyo ya 93 nayo itavutwa pamoja. Tafuta monoklono (kingamwili ya aina moja tu) iliyokwisha kupimwa kwa ChIP, weka kando IgG ya kawaida (kingamwili isiyolenga protini hii), na kwenye PCR anza na eneo la jeni ya VEGFA ambako HIF hujulikana kukaa, pamoja na kipande kingine cha DNA ambako haikai.

Kiini_Kikavu
Na fomaldihaidi uimimine kabla seli hazijaonja hewa.