Mrejesho: kupoza maji ya kimea, lita 20

Wakuu, niliuliza namna ya kupoza haraka lita 20 za maji ya kimea (ya kutengenezea bia) yaliyochemka. Sufuria ikiwa kwenye beseni la maji, yalichukua zaidi ya saa tatu. Ahsanteni sana! Nimefuata ushauri wa koili ya shaba (mrija uliozungushwa, maji ya bomba hupita ndani yake kwa mpira), mita 10, niliyoizamisha sufuriani dakika 15 kabla ya kuzima moto ili vijidudu vife. Maji ya bomba hapa Mbeya ni baridi: dakika 25 tu, nyuzi 22, nikatia hamira. Koroga polepole kwa mwiko uliochemshwa. Ukiacha kukoroga, maji ya mpirani yanatoka baridi huku katikati ya sufuria bado panafuka mvuke.

Kilichoshindikana: kibano cha mpira kililegea, maji ya bomba yakadondokea ndani, ndoo moja ikachacha. Maungio yote yakae nje ya ukingo wa sufuria.