Re: Tiketi ya nusu bei: ya kukagua kabla ya kulipa

Ndugu zangu,

Swali la dada aliyeandika juzi kuhusu tiketi aliyoiona kwa karibu nusu ya bei ya kawaida limenigusa, kwa sababu niliwahi kununua tiketi ya namna hiyohiyo nikaishia kulala kwenye viti vya uwanja wa ndege kwa usiku mbili. Naomba nimjibu kwa urefu, kwani wengi wetu hudunduliza nauli kwa miezi mingi na hatuna akiba nyingine ya kuziba pengo safari inapoharibika.

Dada, kabla ya kuangalia bei, hesabu ni tiketi ngapi. Tovuti nyingi za kutafutia safari huchukua ndege za mashirika mawili yasiyo na makubaliano yoyote na kuzipanga kwenye ukurasa mmoja kana kwamba ni safari moja. Kwa masharti, hiyo ni mikataba miwili, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halilazimiki kukusubiri wala kukutafutia nafasi nyingine. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Ndivyo yalivyonikuta. Ndege yangu ya kwanza ilichelewa saa 4, ya pili ikaondoka, na begi langu likashushwa kwenye mkanda wa mizigo ulio ng'ambo ya kaunta za uhamiaji, wakati sikuwa na viza ya kuingia katika nchi ile. Nililazimika kununua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyohiyo, na nilipojumlisha gharama zote nikaona kwamba ile tiketi niliyoikimbia kwa ughali ingekuwa nafuu zaidi.

Utaitambua tiketi ya namna hiyo kwa dalili chache. Maelezo yake, mara nyingi kwa herufi ndogo, husema kwamba utajiunganishia mwenyewe. Unapewa namba za kumbukumbu mbili au zaidi badala ya moja. Na unaambiwa uchukue mizigo yako katikati ya safari ukaiandikishe upya. Sisemi kwamba tiketi za kujiunganishia zisinunuliwe kamwe. Mtu mwenye begi la mkononi tu, mwenye haki ya kuingia katika nchi ya katikati, na aliyeweka usiku mzima kati ya ndege moja na nyingine, anaweza kuokoa fedha za maana bila wasiwasi mkubwa. Mwenye watoto, mabegi makubwa na saa 2 tu za kubadilisha ndege asijaribu.

Hapa ndipo linapoingia suala la viza ya kupita, ambalo kwa maoni yangu linawaangusha watu wengi kuliko ucheleweshaji wa ndege. Wapo wanaoamini kwamba asiyetoka nje ya uwanja hahitaji viza, na imani hiyo ni ya hatari. Marekani haina utaratibu wa kupita bila kupitia uhamiaji: hata anayebadilisha ndege tu anahitaji viza au ESTA (idhini ya mtandaoni kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza), kutegemea pasipoti yake. Uingereza nayo huwadai raia wa nchi kadhaa viza hata kama hawatoki katika eneo la abiria wanaounganisha. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zina orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani, yakiwemo Ethiopia, Somalia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ingawa wenye viza hai au vibali vya ukaazi vya baadhi ya nchi husamehewa. Na mtego uliofichika zaidi ni huu: ukitua katika nchi moja ya Schengen na kupanda ndege ya kwenda nchi nyingine ya Schengen kabla ya kuendelea na safari yako nje ya eneo hilo, umeshaingia Schengen, na viza ya kupita uwanjani haitoshi. Kituo kimoja cha Ulaya na vituo viwili vya Ulaya ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mhudumu wa kaunta hana uwezo wa kukuhurumia katika jambo hili, kwa kuwa shirika linalombeba abiria asiye na hati zinazotakiwa hutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Anachofanya ni kusoma masharti katika mfumo unaoitwa Timatic, ulio chini ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Mashirika kadhaa ya ndege yameuweka kwenye tovuti zao ili abiria naye aweze kuuliza kwa kuandika uraia wake, kibali chake cha ukaazi na vituo vya safari. Uliza huko kabla ya kulipa. Angalia pia muda wa pasipoti: nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 mbele, na Schengen hutaka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka.

Cheti cha homa ya manjano kina kanuni inayosahaulika. Nchi inaweza kukudai cheti si kwa sababu ya ulikoanzia safari tu, bali pia kwa sababu ulikaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na tiketi za bei nafuu ndizo zenye mapumziko marefu ya aina hiyo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa. Tangu Julai 2016 cheti kimoja kinatosha kwa maisha yote, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kile cha zamani kimeisha muda wa miaka 10.

Sasa niseme kuhusu mawakala, na hapa nitasema bila kuzungukazunguka kwa sababu nimeshuhudia familia ikifika uwanjani na mabegi yote ikaambiwa majina yao hayamo. Walikuwa na karatasi nzuri yenye nembo, saa za ndege, na namba ya kumbukumbu yenye herufi na tarakimu 6. Namba ile ilikuwa ya kweli. Walipoiangalia kwenye tovuti ya shirika wiki chache nyuma waliyakuta majina yao, na wakaridhika. Wasichokijua ni kwamba wakala anaweza kushikilia nafasi bila kuilipia, na muda wa kulipia ukipita mfumo huifuta wenyewe. Kushikiliwa nafasi si kukatiwa tiketi.

Uthibitisho ni namba ya tiketi yenyewe, ambayo katika mashirika mengi ina tarakimu 13, na 3 za mwanzo hutambulisha shirika: 176 ni Emirates, 235 ni Turkish Airlines. Mashirika mengine ya bei ya chini hayatumii mfumo huo, na kwao uthibitisho ni risiti ya malipo inayoonekana ndani ya tovuti yao. Ukishamlipa wakala, mdai namba hiyo siku hiyohiyo, kisha ulipigie shirika simu uulize kama tiketi imetolewa, ina hali gani, na inaruhusu mizigo mingapi. Wakala mwaminifu hataudhika, kwa kuwa kazi yake inakuwa imeonekana. Anayekuambia usubiri hadi wiki ya safari, au anayetaka fedha kwa njia ya simu kwenda kwa jina la mtu badala ya kampuni, usimpe kitu hata kama ni ndugu wa rafiki yako.

Lipa kwa kadi kila inapowezekana, maana aliyelipa fedha taslimu hana wa kumlilia isipokuwa yule aliyezipokea. Kampuni ya safari ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019 ikiwa na historia ya zaidi ya miaka 170, ilidhihirika kwamba hata jina kubwa si dhamana. Kwa wanaoishi Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 humfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000. Kwingineko mnaweza kuiomba benki irudishe malipo, lakini kuna ukomo wa muda, kwa hiyo msikae kimya mkisubiri ahadi za muuzaji.

Kuhusu kutafuta bei, sina siri ya siku ya wiki wala saa ya usiku. Viti vya daraja moja huuzwa kwa mafungu ya bei tofauti, na fungu la chini likiisha mfumo hupanda kwenye linalofuata. Mkiwa watu 4 na fungu la chini limebakiza viti 3, mifumo mingi itawapa wote 4 bei ya juu. Kwa hiyo tafuteni kwanza kwa mtu mmoja, kisha kwa kundi, mlinganishe. Mkiona tofauti, mnaweza kugawa manunuzi, ila kila mtoto awe kwenye tiketi pamoja na mtu mzima wake. Na kama safari inaanzia au kuishia Marekani na umenunua moja kwa moja kwa shirika angalau siku 7 kabla ya kuondoka, kanuni za huko zinalitaka shirika likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 bila adhabu, au likushikilie bei kwa muda huohuo bila malipo. Kwa walio na fursa hiyo, siku moja inatosha kukagua viza na ruhusa ya kazini.

Jambo la mwisho kwa dada: usiache kutumia kipande chochote cha tiketi kwa makusudi. Aliyenunua kwenda na kurudi kisha akapata usafiri mwingine wa kwenda, kwa kawaida hukuta kurudi kwake kumefutwa.

Ndugu yenu.

———

Kaka, shikamoo, na asante kwa maelezo haya.

Mimi nimeshanunua, na nashukuru nimekuta tiketi yangu ni moja yenye namba ya tarakimu 13. Hata hivyo shirika limeniandikia kwamba limebadili saa za ndege ya kwanza, na sasa nimebakiwa na dakika 45 za kubadilisha ndege katika uwanja mkubwa wa Ulaya, nikiwa na mama ambaye hatembei haraka. Barua yao ina kitufe cha kukubali. Je, nikubali? Pia, safari iliyopita begi letu lilifika siku 5 baada yetu na hatukulipwa chochote. Naomba utuelekeze tungefanya nini.

———

Marahaba dada.

Usibonyeze kitufe hicho kwanza. Mabadiliko wameyafanya wao, na wewe unaweza kuwapigia simu ukawaeleza kwamba muda uliobaki hautoshi, ukaomba mhamishiwe kwenye ndege nyingine bila malipo. Kabla ya kupiga, tafuta mwenyewe ndege ya shirika hilohilo au mshirika wake yenye nafasi, uwatajie namba yake na siku. Mhudumu anayepewa suluhisho mkononi huhitaji dakika chache tu. Katika simu hiyohiyo omba msaada wa kiti cha magurudumu kwa mama. Huduma hiyo haina malipo, na katika viwanja vya Ulaya inatakiwa iombwe angalau saa 48 kabla. Wasipokubali kuwahamisha nanyi mkaikosa ndege, kwa kuwa tiketi ni moja, wajibu wa kuwafikisha unabaki kwao.

Mkichelewa, ikumbuke Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya. Inamlinda kila anayeondoka katika uwanja wa Umoja huo kwa shirika lolote, na anayekwenda huko kutoka nje kama shirika linaloendesha ndege ni la Umoja huo. Mkifika mwisho wa safari mkiwa mmechelewa saa 3 au zaidi, na sababu ikawa ndani ya uwezo wa shirika, fidia ni euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa ya kati, na euro 600 kwa inayozidi kilomita 3,500, ingawa kwa hizi ndefu inaweza kukatwa nusu kama hamkufikisha saa 4. Ubovu wa kawaida wa mitambo haukubaliwi kuwa udhuru, tufani hukubaliwa. Lakini chakula na malazi mnastahili kwa sababu yoyote iwayo, kwa hiyo dai hapohapo na utunze risiti. Wakikupa vocha badala ya fedha, una haki ya kuikataa.

Kuhusu begi, msitoke katika ukumbi wa mizigo kabla ya kuandikisha taarifa kwenye dawati la shirika na kupewa namba yake. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unampa abiria siku 7 za kulalamika kwa maandishi kama begi limeharibika, na siku 21 tangu alipokabidhiwa kama lilichelewa. Begi lisipofika ndani ya siku 21, una haki ya kulihesabu kuwa limepotea. Mliyoyanunua kwa dharura, kama nguo za kubadilisha, sabuni na dawa, hulipwa kwa risiti, na ukomo wa dhima ya shirika tangu Desemba 28, 2024 ni vizio 1,519 vya hesabu vya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani kwa abiria mmoja.

Begi lenu lililochelewa, ikiwa mliandikisha taarifa uwanjani na kupeleka lalamiko kwa maandishi ndani ya zile siku 21, bado lina nafasi, kwa sababu muda wa kufungua shauri ni miaka 2 tangu kufika. Nitumie tarehe mlizosafiri na nakala ya karatasi mliyopewa dawatini, nikusaidie kuandika barua mwishoni mwa wiki hii. Dawa za mama, safari hii, ziwe kwenye begi la mkononi, na mkiombwa mlangoni mwa ndege kulitoa likawekwe chini pamoja na mizigo, zitoeni kwanza pamoja na hati na betri zote za kuchajia simu.