Geji za ziada kwenye dashibodi ya Honda ST1100: volti, presha na joto la oili

VumbiLaKondoa
Wakuu, habari za kazi. Pikipiki ni Honda ST1100, ipo Dodoma mjini. Dashibodi ya kiwandani ina geji ya joto la maji na ya mafuta. Oili imepewa taa nyekundu tu, na geji ya volti hakuna. Nataka kuongeza geji tatu za mviringo, kipenyo milimita 52: volti, presha ya oili na joto la oili. Njia zenyewe ni Dodoma–Kondoa–Babati na Dodoma–Iringa kupitia Mtera, boksi tatu zimejaa na abiria juu. Geji ninazo, za mtumba, zimekuja bila sensa na zimeandikwa 12V tu. Naomba kujua: (a) sensa gani zinazifaa, (b) sensa ya presha na ya joto naweza kuzifunga kwenye T moja (kiungo cha midomo mitatu) pale ilipo swichi ya taa ya oili, (c) umeme niuchukue wapi, (d) nitoboe dashibodi yenyewe au kuna mahali pengine?

Spana12
Mkuu, anza na (a), ukikosea hapo kazi nzima ni bure. Geji za presha za sindano utakazokutana nazo ni za aina mbili. Za Ulaya, mfano VDO, sensa yake ina omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama 10 presha ikiwa sifuri, inapanda hadi karibu 180 presha ikijaa. Za Kimarekani ni kinyume: 240 kwenye sifuri, inashuka hadi 33. Ukizichanganya, sindano itaonyesha presha imejaa huku injini imezimwa.

Kujua yako ni ipi hakuhitaji karatasi ya kiwandani. Weka geji mezani, ipe volti 12, acha tamino ya sensa wazi (mara nyingi ina herufi G au S). Kisha igusishe hasi kwa sekunde moja. Kama ikiwa wazi sindano inapanda hadi mwisho, na ukigusisha inalala sifuri, hiyo ni ya 10–180. Ikifanya kinyume ni ya 240–33. Ukitaka uhakika, nunua rezista tatu kwa fundi redio, za omu 10, 82 na 180, uone sindano inasimama wapi kwa kila moja. Ni hela ya soda.

Ya joto nayo ina sensa yake. Omu zake hupungua joto likipanda, na sensa ya geji inayoishia nyuzi 120 si sawa na ya geji inayoishia 150, hata kama hesi zinalingana.

Kuhusu umeme: usiuibe kwenye waya wa taa kubwa. Toa moja kwa moja kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 3 isiyozidi sentimita 15 kutoka tamino, halafu relei ndogo (swichi inayowashwa kwa umeme). Mguu 30 unakwenda kwenye fyuzi, 87 kwenye geji, 86 kwenye waya wowote unaopata moto ufunguo ukifunguliwa, 85 kwenye hasi. Relei ni kwa ajili ya geji ya volti. Kwenye pikipiki ya umri huo, waya unaopita swichi ya ufunguo unaweza kupoteza nusu volti au zaidi njiani, na geji inapima kilichoifikia, si kilichopo kwenye betri. Mtu anahangaika kutafuta altaneta (jenereta inayochaji betri) kumbe ni kutu ya swichi.

Geji tatu na balbu zake hazifiki ampea 1, hivyo waya wa milimita mraba 0.75 unatosha. Hasi za geji zote ziunganishe pamoja na zirudi kwenye betri kwa waya mmoja. Ukiziunga kwenye hasi ya taa, sindano zitacheza kila indiketa inapowaka, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutafuta.

Usomaji: betri iliyojaa na kutulia ni kama 12.6. Injini ikiwa mizunguko 3,000 tegemea 13.5 hadi 14.5. Ikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha volti) imeachia na betri itachemka. Ikibaki chini ya 13 huchaji. ST1100 za mwanzo zina altaneta ya ampea 28, zile za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ni 40. Kama yako ni ya 28, na umefunga taa za ziada, geji ya volti ndiyo yenye faida kuliko zote tatu. Hizo mbili nyingine ni anasa, mtanisamehe.

MkerezaVyuma
Anasa? Taa ya oili huwaka presha ikishuka chini kabisa, karibu baa 0.3. Kufikia hapo injini yenye mzigo kwenye mlima imeshaumia. Geji inakuonyesha inavyoshuka kabla ya taa.

Sasa (b). Jibu ni hapana, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni joto. Kwenye T oili haitembei, imejaa na kusimama. Presha inafika hapo bila shida kwa sababu presha haihitaji mtiririko. Joto linahitaji. Sensa ya joto ikikaa kwenye kichochoro hicho itasoma chini sana ya joto halisi la oili, nawe utafurahi bure. Iweke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwa bolti ya kumwagia oili iliyotobolewa katikati. Pima bolti yako kwanza; nyingi za Honda ni M12x1.5 au M14x1.5 (kipenyo na nafasi ya hesi kwa milimita). Fundi wa kukereza atatoa bolti mpya ya chuma, akate hesi ya sensa ndani yake. Tumia washa mpya ya shaba au alumini. Na kwa kokoto za barabara za vumbi, usiiache ikining'inia bila kinga: kipande cha bati la alumini la milimita 3 chini yake, lenye tundu la kupitisha oili ukimwaga.

Ya pili ni uzito. Sensa ya presha ya geji ni kopo la chuma, si kama swichi ndogo ya kiwandani. Ukiikaza juu ya T, na T juu ya hesi ya inchi 1/8, mtetemo wa injini unaikata shingo. Ikikatika, oili yote inamwagika kwa presha, na tairi la nyuma liko palepale. Njia sahihi ni T ndogo, swichi ya kiwandani ibaki upande mmoja, upande wa pili utoke mpira wa presha wenye wavu wa chuma kama wa breki hadi kwenye fremu, na sensa ifungwe kwenye fremu kwa klipu. Kumbuka kwamba sensa ya tamino moja hupata hasi kupitia hesi yake. Ukiitenga na injini kwa mpira, hasi imepotea na geji haisemi kweli. Funga klipu ya waya kwenye mwili wa sensa hadi hasi, au nunua sensa ya tamino mbili.

Halafu hesi. Hapa ndipo injini nyingi zinapoharibiwa. Swichi ya Honda ni PT 1/8, hesi 28 kwa inchi, na imechongoka. Sensa za Kimarekani ni NPT 1/8, hesi 27 kwa inchi. Za VDO nyingi ni M10x1. Zote tatu kwa macho ni mtu na mdogo wake. NPT itaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono kisha ikaze. Ukiongeza nguvu, unapasua alumini ya bodi ya injini. Ikigoma, itoe. Adapta ni kazi ya nusu saa kwa mtu wa kukereza. Kaza kwa Nm 12, si zaidi, na gundi ya hesi isifike milimita 3 za mwisho, isije ikaingia kwenye njia ya oili. Tepu nyeupe ya fundi bomba achana nayo: vipande vyake hukatika na kuingia humohumo.

PoriKwaPori
(d) Usitoboe dashibodi ya kiwandani, haipatikani nyingine kirahisi. Toboa kifuniko cha kimfuko kwenye kava la mbele, au tengeneza kibao cha alumini cha milimita 2 juu yake. Geji yenyewe ina kina kama milimita 50, pamoja na waya tenga 80.

Kujua kama nafasi inatosha: chukua donge la unga wa chapati, lifunge kwenye mfuko wa nailoni, libandike nyuma ya pale geji itakapokaa, funga kava, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, kisha fungua. Kama donge limebonyea au lina alama ya kebo, hapo hapafai.

Kutoboa plastiki: bandika solotepu usoni, anza na tundu dogo la katikati, kisha kikombe cha drili cha 52 kwa mwendo wa polepole. Ukiharakisha plastiki inayeyuka na tundu linatoka na masikio. Nyuma ya ukingo wa geji weka pete iliyokatwa kwenye tyubu ya pikipiki, hiyo inameza mtetemo. Usizibe geji nzima kwa silikoni ukikimbia vumbi. Unyevu utafungiwa ndani na kioo kitakuwa na ukungu asubuhi. Na ile silikoni inayonuka siki isikaribie tamino kabisa, inakula shaba.

Waya zinazopita kwenye shingo ya usukani ziache na ulegevu. Viungo bana kwa plaizi ya tamino, usilehemu, maana ncha ya risasi ni ngumu na waya hukatikia hapo hapo.

VumbiLaKondoa
Asanteni sana wakuu. Geji ya presha ni ya 10–180, imejibu rezista vizuri. Kifuniko cha kimfuko kimepita jaribio la unga. Nimenunua sensa ya joto ya kuendana na geji, nimeichemsha kwenye sufuria kabla ya kuifunga. Maji yanatokota kabisa lakini sindano inasimama kidogo chini ya 100, kama 96. Niirudishe dukani?

MkerezaVyuma
Usirudishe. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na maji hapo huchemka karibu nyuzi 96. Kwa Dar ungeona 100. Hakikisha tu sensa inaning'inia katikati ya maji bila kugusa kitako cha sufuria, na hasi umeifunga kwenye mwili wake. Maji yasifike kwenye tamino.