Mjadala: Gesti isipewe leseni mpaka bafu lipimwe kwa ndoo ya maji?

Mtoa mada (fundi ujenzi, Mtwara mjini)

Wakuu, msimu wa korosho unakaribia. Vyumba vya wageni kuanzia hapa Mtwara hadi Masasi na Nachingwea vitajaa, na malalamiko yatakuwa yaleyale: maji yametuama bafuni, choo kimelowa, harufu usiku kucha. Hoja yangu ni kwamba halmashauri isihuishe leseni ya gesti wala lodge mpaka bwana afya amwage ndoo ya lita 20 kwenye sakafu ya kila bafu na kusubiri dakika 5. Maji yakituama, au yakivuka mlango kuelekea kitandani, chumba kisilaze mtu hadi kirekebishwe.

Naanza na sakafu kwa sababu ndiyo isiyofichika na ndiyo rahisi kuliko vyote ikifanywa mapema. Mteremko ni sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye trapu, yaani tundu la sakafuni linalotoa maji na kuzuia harufu. Bafu la mita 1.2 kwa 2 linakula kama mfuko mmoja wa saruji kulisawazisha, liwe na mteremko au lisiwe nao, kwa hiyo hapo gharama si kisingizio. Kinachoharibu ni mpangilio wa kazi. Fundi bomba anafunga trapu kabla hajajua tailizi itaishia usawa gani. Fundi tailizi anakuja mwezi mmoja baadaye, anakuta mdomo wa trapu umechomoza, naye analipwa kwa mita za mraba, halipwi kuchimbua. Anatandika bapa, anaondoka.

Na hizi tailizi za 60 kwa 60 zimezidisha balaa. Tailizi kubwa haikunjiki pande nne kuelekea kwenye tundu la katikati. Ama uikate mshazari kama mgongo wa bahasha, ama uweke mfereji mrefu wa sakafuni kando ya ukuta ili sakafu nzima iegemee upande mmoja. Asiyetaka yote mawili anunue vigae vidogo, na visiwe vya kung'aa, maana sabuni na kigae laini ni safari ya Ligula hospitali.

Mwenye gesti, Masasi

Fundi, heshima yako. Lakini msimu wetu ni Oktoba hadi Desemba. Chumba kikifungwa mwezi wa 10, kimefungwa mwaka mzima. Bafu lililokwisha jengwa halirekebishwi kwa mfuko mmoja wa saruji: unang'oa choo, unabandua tailizi zote, unashusha trapu, unapaka upya dawa ya kuzuia maji, unajaza maji na kuyaacha saa 24 uone kama yanavuja, ndipo utandike. Kwa kila chumba ni wiki nzima au zaidi. Mwenye vyumba 12 afanye nini?

Halafu mgeni akipiga simu haulizi mteremko. Anauliza: maji ya moto yapo?

Fundi umeme, Lindi

Mzee, hayo maji ya moto ndiyo yakaguliwe kabla ya sakafu. Hita ya kwenye kichwa cha shawa inakula kilowati 5.5 hivi, yaani ampea 24 kwa volti 230. Waya wa milimita 2.5 uliochepushwa kutoka soketi ya chumbani hauubebi mzigo huo. Inatakiwa laini ya peke yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita 4, au 6 kama umbali ni mrefu, ethi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja) ya kweli iliyopimwa, na kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Vyumba 10 vikiwasha pamoja alfajiri ni kilowati 55. Umeme ukikatika, jenereta ya KVA 20, yaani kilowati 16 hivi, haifiki hata theluthi ya hapo.

Wauzaji wana jambo wasilolisema. Hita nyingi za aina hiyo koili yake iko wazi ndani ya maji. Kisima kilichochimbwa karibu na bahari kinatoa maji ya chumvi, na chumvi inapitisha umeme kuliko maji matamu. Ndiyo maana mgeni anashika koki ya chuma na kusikia mtetemo kwenye vidole. Ethi ikiwa imekatika, hapo si mtetemo tena.

Na mnanunua nini kwa hatari hiyo? Shawa ikitoa lita 4 kwa dakika, kilowati 5.5 zinapandisha maji nyuzi 20 tu hivi. Pwani huku, tenki jeusi likikaa juu ya paa, saa tisa mchana mgeni anatafuta maji ya baridi, siyo ya moto. Newala kule juu nakubali, asubuhi za Julai zina baridi. Kwingine boila moja ya lita 50 yenye kilowati 1.5 inapandisha nyuzi 30 kwa dakika 70 hivi, na ukichanganya na ya baridi inatosha vyumba viwili bila mtu kurushwa.

Dada wa Mikindani

Mmejadili shawa kama vile mgeni anaoga tu. Choo cha kukaa kinawekwa bila bomba la kutawazia, mtu anaachiwa kopo na ndoo anayotakiwa kuogea hiyohiyo. Na pale ulipowekwa mpira wenye kifyatulio, koki ya ukutani haipo, kwa hiyo mpira unabaki umebeba presha mchana na usiku hadi upasuke. Koki ndogo ya nusu inchi inamaliza hilo.

Jambo la pili ni kibla: Mwislamu akiwa chooni hatakiwi kuelekea Makka wala kuipa mgongo. Kutoka Mtwara, Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini. Choo kikiwekwa mashariki-magharibi hakuna anayekwazika. Wapo wanaosema ndani ya jengo hapana ubaya, sawa, lakini kwa nini mwenye nyumba achague upande unaowatatiza nusu ya wageni wake wakati bomba la inchi 4 lingeweza kugeuzwa kabla ya zege?

Mchora ramani, Lindi

Naongeza moja: acheni kuta za kioo kati ya bafu na kitanda. Wafanyakazi wawili waliotumwa kikazi na kulazwa chumba kimoja hawakuomba kuonana. Tena bafu la namna hiyo likikosa dirisha, mvuke wote unaingia kwenye godoro.

Mtoa mada

Mwenye gesti, kwa bafu la zamani si lazima kubomoa lote. Jenga kizingiti cha sentimita 5 kuzunguka eneo la shawa, 90 kwa 90, inua sakafu ya humo ndani kwa mteremko wake, trapu ibaki ilipo kama imo ndani ya hilo eneo. Ni siku tatu. Koki ya shawa ihamishiwe upande wa kuingilia, mtu afungue bila kumwagikiwa kwanza.

Harufu wala haihitaji fundi. Trapu inashika maji ya kina cha sentimita 5 hivi ili hewa ya chemba isirudi. Korosho zikiisha vyumba vinafungwa wiki nyingi, maji yanakauka, mende wanapanda. Mwaga lita moja kila wiki. Na wafanya usafi wasitupe kile kikombe cha ndani ya trapu eti kinachelewesha maji, hicho ndicho kizuizi chenyewe.

Mwenye gesti, Masasi

Siku tatu nazikubali. Kipimo chako ndicho sikikubali. Lita 20 ukizimwaga kwa mkupuo zinaruka kizingiti chochote, wakati shawa inatoa lita 6 au 7 kwa dakika. Afungue shawa dakika 5, basi.

Mtoa mada

Ukifungua shawa, atakayefaulu ni mwenye tenki dhaifu. Tenki likiwa mita 3 juu ya shawa presha ni ndogo, kama ba 0.3, na ukimfungia kichwa kipana cha sentimita 20 yanadondoka matone, sakafu mbovu inapita mtihani. Ndoo ibaki, ila imiminwe kwa kopo kwa dakika 3. Hapo ni lita 7 kwa dakika, sawa na shawa nzima.

Mwenye gesti, Masasi

Kwa kopo, sawa. Na vyumba vya zamani vipewe hadi Juni, siyo Oktoba.

Fundi umeme, Lindi

Sakafu ingoje Juni. Hita isiyo na ethi izimwe leo.