Kanisa kulipia matangazo ni sawa kweli?

Wa Umoja: Wadau, kamati yetu inataka bango kubwa Jogoo Road ndio wageni waje, mimi roho inakataa, hiyo pesa si ingelisha watu Mukuru?

Kasarani: Wekeni tu. Mimi niliokoka juu ya posta ya kanisa niliona kwa steji, sikuwa najua mtu yeyote hapo.

Mzee Kawangware: Kanisa la Willow Creek, karibu na Chicago, walianza 1975 kwa kuuliza majirani mbona hawaendi kanisani, wakapanga ibada kulingana na majibu, watu wakajaa, lakini 2007 viongozi wenyewe wakakubali programu nyingi hazikuwa zimewakuza waumini vile walidhani. Bango litamfikisha mtu mlangoni, sawa, nani atamjua jina Jumapili ya pili?

Wa Umoja: Umenigusa mzee. Wageni wa Pasaka hatukumpigia hata mmoja simu.