Vaisi ya zamani au mpya? Nimebakiwa na nne, naomba mnisaidie kulinganisha

Pampu_Moro

Habari za jioni wakuu. Natengeneza pampu za maji na mashine za kukoboa hapa Morogoro. Wiki iliyopita vaisi yangu, kile kifaa cha mezani cha kubania chuma, ilivunjika taya nikiwa katikati ya kazi ya mtu, na haijafika hata miaka miwili tangu niinunue mpya. Nimetenga shilingi 350,000. Jumamosi nilishuka Dar, nikazunguka mtaa wa Gerezani mchana kutwa, nikabakiwa na nne ambazo sijui niangukie wapi.

Ya kwanza ni Record No. 5 ya Uingereza, upana wa taya inchi 5. Imejaa kutu, na ukiishika taya ya mbele ukaitikisa inacheza. Anataka 260,000. Ya pili ni Record No. 6, inchi 6, rangi ya bluu inang'aa kama imetoka dukani leo, 330,000 na muuzaji hashuki. Ya tatu ni mpya ya Kichina, inchi 6, yenye kitako cha kuzunguka, 190,000. Ya nne ni ile ya mguu, ya wahunzi, imeandikwa PETER WRIGHT, 150,000.

Moyo wangu uko kwenye ile ya bluu. Nisaidieni kabla sijarudi na hela.

TupaBapa

Pole kwa hasara, mwanangu. Nimefanya kazi karakana ya reli miaka 31, na vaisi za kila aina zimepita mikononi mwangu. Nakuomba jambo moja: rangi usiiangalie kabisa. Vaisi ina sehemu zinazotengenezeka na sehemu zisizotengenezeka. Nati ikilika, inachongwa nyingine. Meno ya taya yakiisha, yanabadilishwa, maana yameshikwa na skrubu mbili tu kila upande. Mkono wa kukazia ukipinda unanyooshwa. Lakini mwili ukiwa na ufa, hapo umenunua skrepa.

Sababu ni chuma chenyewe. Mwili wa Record ni kasti, chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, chenye kaboni zaidi ya asilimia 2. Ukikigandamiza kinabeba mzigo mkubwa sana, na kinameza mtikisiko, ndiyo maana tupa hailii kazi ikiwa imeshikwa vizuri. Ukikivuta au ukikigonga hakipindi, kinapasuka. Na ukikichomelea kwa stiki ya kawaida, pembeni ya mshono kinakuwa kigumu kama glasi, kesho kinapasuka palepale. Kasti inataka ipashwe moto kwanza, ichomelewe kwa stiki za nikeli, halafu ipozwe taratibu ndani ya majivu au mchanga mkavu. Anayeuza kwa haraka hafanyi kazi hiyo. Anachomelea, anasaga, anapaka rangi.

Rudi Gerezani na chupa ndogo ya mafuta ya taa, kitambaa kikavu na chaki ya darasani. Paka mafuta ya taa kwenye shingo ya kila taya, pale inapoinuka kutoka mwilini, na kwenye mdomo wa tundu ambamo taya ya mbele inateleza. Subiri dakika kumi. Futa mpaka pakauke kabisa, kisha sugua chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki, mwembamba kama unywele. Kwenye ile ya bluu itabidi kwanza ukwangue rangi kidogo shingoni. Muuzaji akikataa, umeshajibiwa.

Bajeti_Ndogo

Shikamoo mzee TupaBapa. Mimi nitasimama upande wa ile mpya. Nina ya Kichina ya inchi 4, huu mwaka wa sita, natengeneza baiskeli na pikipiki na haijanisumbua. Pampu_Moro, tuambie ukweli, ile yako ilivunjikaje?

Pampu_Moro

Niliweka bomba kwenye mkono, kama futi tatu. Shafti ya pampu ilikuwa inateleza, nikataka ikaze zaidi.

DadaNati

Asante kwa kusema wazi, kaka, maana hapo ndipo vaisi nyingi hufia, za zamani na mpya. Urefu wa mkono wa vaisi haukuwekwa kwa kubahatisha. Aliyeiunda alipiga hesabu ya nguvu ya mtu mmoja kwenye mkono ule, akaupa mwili unene wa kuibeba. Ukiongeza bomba umeivuka hesabu yake. Shafti ya mviringo inateleza kwa sababu taya bapa zinaigusa kwa mistari miwili tu. Chukua vipande viwili vya mbao ngumu, uvichonge mfereji wa umbo la V, uweke shafti katikati. Nguvu ya kawaida itatosha.

Mimi nakereza vyuma Kariobangi, Nairobi, na vaisi zinazoletwa kwangu nyingi ni hizi Record. Zilitengenezwa Sheffield na C. & J. Hampton, kampuni iliyoanza 1898. Jina RECORD na namba vimeinuka kwenye kasti yenyewe, unavigusa kwa kidole. Bluu isikuambie kitu, maana zipo nyingi za kuiga zenye bluu ileile na umbo lilelile. Namba pia isikuchanganye, si lazima iwe inchi: No. 3 ni inchi 4, No. 5 ni inchi 5, No. 6 ni inchi 6. Ukikuta namba za ishirini na kitu, hizo zina kishikizo karibu na mkono. Ukikibana, nusu-nati inaachia parafujo, ile skrubu ndefu ya kufungia taya, na taya inateleza bila kuzungusha. Raha sana kwa kazi ya haraka, lakini hesi zake, yaani meno ya parafujo, zimekatwa mteremko upande mmoja, zinabeba nguvu ya kufunga peke yake. Usizitumie kusukumia kitu kwa nje. Kama jina limeandikwa IRWIN pamoja na Record, hiyo ni ya miaka ya karibuni baada ya jina kununuliwa, ilinganishe na mpya nyingine na si na za zamani.

Sasa ule mchezo ulioona kwenye No. 5. Fungua taya inchi mbili. Isukume na kuivuta kwa kufuata parafujo. Ikicheza namna hiyo, ni nati au kola, ile pete inayoishika parafujo, na hiyo ni kazi yangu ya siku moja. Halafu ijaribu kushoto na kulia, juu na chini. Ikicheza huko, mfereji ambamo taya inateleza umelika. Kidogo si tatizo, kila vaisi iliyofanya kazi ina kidogo. Kata karatasi mbili nyembamba, moja uibane juu ya taya na nyingine chini, ukaze kidogo tu. Ya juu ikishikwa kwanza, au zote kwa pamoja, chukua. Ya chini ikishikwa huku ya juu inachomoka, taya imeinama na kila kazi itakuruka.

Mhunzi_Arusha

Naona ile ya mguu mmeiruka. Nina moja ya Peter Wright, wale wa Dudley, Uingereza, na ndiyo ninayoipiga nyundo tangu asubuhi mpaka jioni. Hiyo si kasti, ni chuma kilichofuliwa. Ukigonga, pigo linashuka kwenye mguu mpaka ardhini, halibaki kwenye taya. Hakuna Record wala ya Kichina itakayokuvumilia namna hiyo.

Ila kwa kazi yako, ndugu, sikushauri. Taya yake inafunguka kwa bawaba chini, kwa hiyo kadiri unavyoifungua ndivyo inavyotanuka juu. Ukibana kitu kipana, inakishika ukingoni. Ni nzuri kukunja nondo na kunyoosha, mbaya kwa shafti ya pampu. Ukipata 150,000 nyingine baadaye, rudi uichukue iwe ya pili, na uangalie hesi ndani ya lile bomba la nati, maana hapo ndipo zinapochakaa.

Mtanga_Leeds

Salamu kutoka huku. Nawaona mnataja Sheffield na mimi naishi mwendo wa saa moja kutoka huko. Parkinson, wale wa vaisi iliyoandikwa PERFECT, walikuwa Shipley, jirani kabisa. Huku vaisi hizi watu wanazitoa kwenye vibanda vya marehemu babu zao, na nyingi hazina hata mkwaruzo. Ndugu zangu huwa wananiomba niwatumie. Tatizo ni uzito. Nauli ya mzigo inakula faida yote, labda uiweke ndani ya kontena la mtu.

Mkikutana na Wilton ya Marekani, ile ya duara kama risasi, msiiache. Ilianzia Chicago 1941. Parafujo na nati zimefungwa ndani, vumbi la chuma haliingii. Na kama mtu anataka mpya ya maisha yote, Heuer ya Ujerumani imefuliwa kwa feleji, haimiminwi. Bei yake ndiyo itakayomrudisha Gerezani.

Bajeti_Ndogo

Sawa, lakini mpya anaibeba leo na kesho anafanya kazi. Ya zamani atalipa 260,000, nati, meno, nauli, na wiki mbili wateja wanasubiri. Hesabu zote ziwekwe mezani.

DadaNati

Uko sahihi, na ndiyo maana nasema asinunue ya zamani yenye zaidi ya kasoro moja kubwa. Nati peke yake, nunua. Nati pamoja na taya iliyoinama, acha, chukua mpya na uilinde isikutane na bomba.

TupaBapa

Niongeze jambo. Ukikuta vaisi ina alama ya reli au ya shule iliyogongwa kwa muhuri wa chuma, dai risiti au karatasi ya mnada. Karakana nyingi zimeuza vifaa kihalali, lakini nyingine zimeibiwa. Sipendi kijana mwenye kazi nzuri aulizwe maswali kwa sababu ya vaisi.

Pampu_Moro

Wakuu nimerudi Dar jana, naandika nikiwa nimeshafika nyumbani.

Nilianza na ile ya bluu. Nilipotoa sarafu nikwangue rangi, muuzaji akanikataza. Nikamwambia basi niruhusu chini, pasipoonekana. Akakubali. Chini ya rangi nikakuta puti, ile ya kuzibia bodi za magari. Nikaikwangua kama upana wa kidole gumba, nikaona mshono wa kuchomelea umezunguka shingo ya taya ya nyuma. Sikuhitaji hata chaki. Nilisimama pale nikiikumbuka ile 330,000 niliyotaka kutoa.

No. 5 nikaifanyia yote. Mafuta ya taa, dakika kumi, chaki. Ikabaki nyeupe. Karatasi zote mbili zikashikwa pamoja. Kushoto na kulia inacheza kidogo sana, mbele na nyuma ndiyo inaingia na kutoka karibu milimita nne. Tumemalizana 215,000. Haina muhuri wowote.

Sasa naomba maelekezo ya kutu na ya nati.

TupaBapa

Alhamdulillahi. Umenifurahisha kuliko unavyojua.

Kutu usiisage kwa diski, itakula namba na kona. Ifungue yote vipande vipande. Tafuta ndoo kubwa ya plastiki, maji, na magadi yale ya sokoni ya kulainishia maharage, vijiko vitano au sita vya chakula kwa ndoo. Chumvi ya mezani usitie, inatoa gesi mbaya. Chukua chaja ya betri ya gari ya volti 12, ile ya kizamani. Waya hasi kwenye kipande cha vaisi, waya chanya kwenye bati nene la chuma cha kawaida, na viwili hivyo visigusane. Stenlesi ya sufuria au sinki usiitumie upande wa chanya, inayeyusha sumu ndani ya maji. Weka nje penye hewa, maana mapovu yanayopanda ni haidrojeni, na asisogee mtu mwenye sigara wala anayechomelea. Zima chaja kabla hujaingiza mkono.

Acha usiku mmoja. Asubuhi kutu itakuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi ya waya. Suuza, kausha juani, na upake mafuta saa hiyohiyo, kwa sababu chuma kilichovuliwa kutu kinaanza kuwa chekundu tena kabla ya mchana.

DadaNati

Kwa nati, mpelekee fundi wa kukereza nati pamoja na parafujo yake, usimpe moja. Mwambie mapema kwamba hesi zake ni za inchi: apime hesi ngapi ziko ndani ya inchi moja, kwa sababu mashine iliyopangwa kwa milimita inataka ibadilishwe gia kwanza. Akikukatia kwa kukadiria, nati itaingia mizunguko mitatu na kukwama. Bronzi ni bora, inalika yenyewe na kuiacha parafujo salama.

Meno kama bado yana mistari yaache. Kama yameisha kabisa, springi ya lori inafaa: lainisha kwa moto, kata, toboa, kisha uigumishe tena. Kwa shafti zilizosafishwa tengeneza vifuniko viwili vya aluminiamu vya kuvika taya.

Pampu_Moro

Wiki tatu zimepita. Kutu ilitoka usiku wa pili, na chini ya kutu kumbe kuna MADE IN ENGLAND upande ambao sikuwa nimeuona. Nati ya bronzi imegharimu 70,000 hapahapa Morogoro, fundi alihesabu hesi mbele yangu. Jumla ya vaisi na nati ni 285,000. Leo nimefunga shafti ya kwanza kwenye mbao za V. Nilikaza kwa mkono mmoja na haikusogea. Swali la mwisho: niiweke kimo gani?

TupaBapa

Simama wima, kunja mkono, kiwiko chako kiguse juu ya taya. Taya ya nyuma itokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili kitu kirefu kishuke wima bila kugusa ubao. Boliti zipite mpaka chini na washa pana, usitumie skrubu za mbao. Halafu baada ya wiki moja ya kazi uzikaze tena zote, mbao itakuwa imeshabonyea.