Mkahawa wa kufanyia kazi ya mtandaoni Kisumu, kuanzia mchana hadi usiku

Mhasibu wa Migosi

Hamjambo nyote. Nimehamia Kisumu kutoka Kakamega, na kazi yangu ni kuweka hesabu za kampuni iliyoko London kwa njia ya mtandao. Kwa kuwa majira haya London iko nyuma yetu kwa saa tatu, zamu yangu huanza saa sita mchana na kwisha saa mbili usiku. Nyumba niliyopanga ni ya mabati yasiyo na dari: joto la alasiri halivumiliki, na mvua ikinyesha simsikii mtu kwenye simu.

Wiki jana nilikwenda katika mkahawa mmoja wa katikati ya mji ambao umebandika mlangoni tangazo la intaneti ya bure. Ilipotimu saa kumi na moja, radi ilipiga na stima ikapotea. Jenereta iliwashwa, taa zikarudi na friji ya soda ikaanza kunguruma, lakini intaneti haikurudi, ilhali nilikuwa katikati ya kufunga hesabu za mwezi. Naomba mnielekeze mahali ambapo mtu anaweza kuketi saa zote hizo bila kukatizwa.

Jirani wa Milimani

Pole sana, dada. Saa zako za kazi ndizo saa za mvua ya Kisumu. Mchana upepo hutoka ziwani ukiwa na unyevu na kuelekea milima ya Nandi, mawingu hujikusanya huko, kisha mara nyingi huturudia jioni yakiwa na radi. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa kwamba jenereta ipo. Uliza ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza intaneti, imechomekwa wapi, na kama ina betri yake, kwa sababu mahali pengi jenereta huhudumia taa na jikoni tu, na hata pale inapohudumia ruta, dakika chache za kuzimika na kuwaka zinatosha kukutoa kwenye mkutano.

Mimi hupenda Java House iliyoko West End Mall. Hata hivyo, chagua kiti cha ukutani, maana soketi hazifikii kila meza.

Aliyehudumu mezani

Nimefanya kazi ya kuhudumia wateja mikahawani hapa mjini kwa miaka kadhaa, na ningependa dada ajue jambo linalotuumiza. Kati ya saa saba na saa nane mchana, meza ya watu wanne ndiyo inayolipa kodi ya mkahawa. Mteja akiikalia peke yake na kikombe kimoja cha chai kilichokwisha kupoa, mhudumu huambiwa amwondoe, na hakuna anayefurahia kutumwa kazi hiyo. Fika baada ya chakula cha mchana ikiwezekana, keti kwenye meza ya watu wawili, agiza kitu kila baada ya saa mbili hivi, na umweleze msimamizi tangu siku ya kwanza kwamba utakuwa ukija. Wateja waliofanya hivyo tuliwawekea kiti chao.

Fundi wa mitambo

Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Hesabu za kampuni ya watu si za kufunguliwa mahali ambapo anayepita nyuma yako anaweza kuzisoma, wala si za kupitishwa kwenye intaneti ambayo nenosiri lake limebandikwa ukutani. Tumia bando la simu yako kwa kazi yenyewe. Mkutano wa video hula takriban gigabaiti 1 kwa saa, lakini ukizima kamera na kubaki na sauti pekee, hautafika hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Chaji kipakatalishi na simu nyumbani asubuhi, ili stima ikipotea usihangaike. Uliza pia LakeHub, kituo cha ubunifu wa teknolojia hapa Kisumu, kama wana nafasi ya kukodi, kwa sababu pale utakuta watu waliokuja kufanya kazi kama wewe.

Mhasibu wa Migosi

Nawashukuru mno. Nitaomba nianze siku yangu nyumbani, nihamie mkahawani saa nane watu wakishapungua, na simu za wateja nizipokee kwa bando langu bila kamera. Kesho, kabla sijaagiza chochote, nitaomba kwanza nionyeshwe ruta.